Blanketi Juu ya Seva

Nduguti,
Mkalama, Singida.
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Emilian,

Shikamoo kaka. Habari za huko Chunya, habari za mashimo ya dhahabu? Kifua chako kinaendeleaje na lile vumbi? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, mvua imenyesha, alizeti imesimama vizuri. Ila mimi nimechoka, kaka. Hapa nilipo naandika huku nimeegemea ukuta.

Nakuandikia kwa karatasi kama enzi za babu kwa sababu simu yako haipatikani tangu Krismasi. Calist, mchimbaji mwenzako, anarudi huko Jumanne, nimemwambia barua hii asimpe mtu mwingine yeyote. Habari yenyewe ni mama yako, shangazi yangu. Haumwi, usishtuke. Amekataa kurudi kazini, chakula anakigusagusa tu, na sisi wote hatusikilizi. Anayemsikiliza ni wewe.

Unajua bado anafanya usafi hapa kituo cha afya, na mimi ndiye wa kompyuta. Mafaili yote ya wagonjwa siku hizi yako kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma. Mwezi wa kwanza niliifungia diski mbili: kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa papo hapo kwenye nyingine, ili moja ikifa kazi isilale. Asubuhi baada ya sala nikawatangazia wafanyakazi, kwa kujidai kwangu, kwamba sasa seva yetu ina kioo. Diski ya pili ni kioo cha ya kwanza. Wakapiga makofi, shangazi naye akapiga, ufagio kwapani.

Basi Jumamosi moja mchana radi ikaanza kupasua. Unamjua mama yako na vioo, eti vinaita radi. Alifunika kile cha chumba cha sindano, akafunika cha mapokezi, kisha akakumbuka kwamba kule nyuma nako kuna kioo, tena kipya. Akachukua blanketi zito la wodini, akaifunika seva gubigubi, akachomekea na pembeni pasibaki upenyo. Akaenda zake nyumbani na moyo mweupe. Hakuna aliyeingia mle hadi Jumatatu.

Nilipofungua mlango nilipokewa na joto la tanuri na mlio wa ti-ti-ti. Diski moja ilikuwa imekufa. Ya pili ilikuwa inafanya kazi peke yake, ya moto hata kuigusa huwezi, na nakala yangu ya akiba ilikuwa ya mwaka jana. Ikifa na hiyo, ndiyo kwaheri: wenye kifua kikuu, wajawazito, wote.

Singida mjini diski ya aina ile haipo, ikaagizwa Dodoma. Siku zile nilikaa pale kama mtu anayeuguza. Feni ya nyumbani kwangu nimeielekeza kwenye mashine, sili, nasikiliza inavyopumua. Diski mpya ilipofika nikaichomeka, ikaanza kunakili kutoka kwa mwenzake, na hadi jioni kila faili lilikuwepo. Halijapotea hata moja. Nililia, kaka, sikufichi.

Mganga mfawidhi wetu, Dakta Gerald, alitaka shangazi aondolewe. Nikamwambia, "Daktari, neno kioo nililitoa mimi. Kwani kwenu Sekenke radi ikipiga mama hafuniki kioo?" Akacheka hadi akavua miwani. Akasema mama yake anafunika mpaka masufuria. Yakaishia hapo.

Yaani yaliishia hapo kwa daktari. Shangazi ndiye amegoma. "Niache, mwanangu," ananiambia. "Aliyechoma nyumba hapewi tena kiberiti." Anaamini ameua mafaili ya watu na sisi tunamficha. Nimesema, nimerudia, mdomo umeniuma. Mimi kazini, mimi kwake jioni, mimi kuni, mimi maji, na wewe kimya! Umeniudhi, kaka, na shikamoo yangu iko palepale.

Jana nikamshika mkono, nikampeleka mpaka mbele ya kompyuta aone mwenyewe. Akaniambia nifungue faili la marehemu baba yako. Nikalifungua, nikamsomea: jina, kijiji, uzito, presha. Nikafika pale pa ndugu wa karibu: Emilian, mtoto wake, na namba yako ya simu. Mama yako hajui kusoma, lakini namba ile aliitamka pamoja nami, tarakimu kwa tarakimu, hadi ya mwisho. Nikamwambia kwa upole kwamba hiyo haipatikani tena, tuifute tusubiri mpya.

Akaukamata mkono wangu. "Usiguse. Iache hivyohivyo. Yeye akiiwasha, sisi tupo."

Mdogo wangu Rebeka wa Unyambwa anakusalimu na wanawe, na babu Alute anauliza kama meno yako yote bado yapo. Mungu akushushe shimoni na akupandishe salama kila siku.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Scholastika