Kina cha Jina la Chebet

Chebet, mke wangu,

Usinicheke. Najua huko uliko barua haifiki. Lakini kuna kitu nilikuahidi na sikukupa, na kinanisumbua tangu tukuzike.

Tulipooana, wewe umetoka Keringet na mimi nimetoka magharibi kufanya kazi ya reli hapa Nakuru, watu wa pande zote mbili walikuja kanisani wamenuna. Unakumbuka shangazi yako? Hakugusa hata chai! Tukahamia chumba chetu cha landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nikaanza kuwatungia majirani mashairi ya harusi na ya watoto. Rehema nikampatia kina cha neema, Mariamu nikampatia salamu, kazi ya dakika tano. Jina lako likanishinda. Linaishia na t, na Kiswahili chote hakikunipa neno la kusimama nalo. Basi nikawa naliweka mwanzo wa mstari, ambako vina havidaiwi.

“Kila siku unaniacha mlangoni,” ulisema ukimenya viazi. “Nitaingia lini?”

“Ngoja, natafuta.”

“Si uweke neno kiti? Linakaribia.”

“Kukaribia si kina, mama. Mzee Bakari atasema guni.”

Mzee Bakari, yule karani wa stesheni kutoka pwani, alikuwa akitusomea mashairi yetu barazani kila Jumapili. Kina kikichechemea anatamka “guni!” na landi nzima inaangua kicheko. Hicho kicheko ndicho nilichokiogopa.

“Wewe bila ugali wa mtama hulali, mimi nataka maziwa ya kibuyu,” ukaniambia. “Tunalingana wapi? Na si tunakaa?”

Ukaendelea na viazi vyako. Nami nikaendelea kutafuta, miaka saba, mjinga mimi.

Kifua kilipokubana tukakupeleka hospitali. Siku ya tatu ulinishika mkono, ukauliza, “Umepata?”

Nikajibu, “Bado kidogo.”

Hata pale, Chebet! Ningeshindwa nini kukusomea hicho kina cha kukaribia? Ukageukia ukutani. Kesho yake walikuja kuniita kazini, na nilipofika shuka ilikuwa imeshakufunika uso.

Wiki iliyopita nilichukua neno lako, lile la kwenye viazi. Maji ya chai hayakuwa yamechemka, shairi likawa limekwisha:

Chai napika jioni, sina wa kumpa kiti,
Nimeandaa mezani vikombe viwili, Chebet.

Jumapili nikampelekea Mzee Bakari. Nilitaka aseme guni. Wallahi, nilitaka acheke, watu wote wacheke, angalau nijue nilikunyima kwa sababu. Alisoma mara mbili, akavua miwani, akanirudishia karatasi.

“Pole, mwanangu,” akasema. Hakuna aliyecheka.

Watu wananiambia nitapoa. Sioni nitapoaje. Narudi kutoka kazini, nafungua mlango, nasema “hodi” kwa mazoea, halafu nasimama pale kama mgeni. Sitatunga tena. Rehema ameniomba shairi la mtoto wake wa pili nikamwambia aende kwa mwingine.

Nimekuweka mwisho wa mstari, mama, palepale ulipotaka. Umeingia. Ila ndani hamna mtu.

Mimi mumeo, niliyekuacha mlangoni.