Kidonge Kimoja kwa Wawili

Jumatatu, 4 Machi

Leo maabara. Daktari wa utafiti, yule binti mwembamba, kanitoa damu chupa nne. Sikukunja uso. Nimechinja ng'ombe miaka arobaini, sindano ni nini? Kasema, "Babu, kirusi chako cha UKIMWI kimeizoea dawa." Eti kinajinakili mbio mbio, kinakosea kama mimi na mwandiko wangu huu! Nakala nyingi hufa. Moja ikikosewa kwa bahati, dawa haiwezi kuishika tena — hiyo ndiyo inayozaa. Kauliza kama naruka siku. Mimi? Siruki hata kidimbwi! Damu yangu imepewa rafu yake peke yake pale maabara. Nani mwingine mtaani ana rafu?

Jumatano, 6 Machi

Ukweli nauandika hapa tu. Siruki — nagawana vidonge. Leo mimi, kesho mdogo wangu, naye anacho kirusi. Mwaka wa pili sasa. Kliniki hataki kuonekana, mkewe asije akajua. Nikadhani mwili wa mchinjaji, nusu inautosha. Leo nikamwambia basi, twende ukapimwe, hizi nusu nusu zimekisomesha kirusi, kitatuzika wote. Akanitandika mchi mdomoni. Meno mawili chini! Nikamkaba, nikambamiza ukutani mpaka saa ikaanguka. "Ukisema nakuua, kaka!" Utaniua na mbavu hizo? Damu chapachapa sakafuni. Tukaitazama. Hakuna aliyethubutu kuifuta.

Ijumaa, 8 Machi

Fizi zinawaka. Sikulia. Mdogo wangu kakonda, anakohoa, nguo ndizo zinamvaa. Daktari kapiga simu, anakuja kesho kuniona nikimeza. Sauti yake furaha tupu! Anataka kuwaandikia wakubwa kwamba kirusi hiki kinaishinda dawa hata kwa mtu asiyeruka siku. Mtoto wa watu, atabeba uongo wangu mbele ya wasomi. Kesho nasema.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi. Mdogo wangu kaingia na kisu changu cha buchani. Nikamwambia hicho kinataka mkono, si kikohozi. Akanichoma bega. Nikampokonya, nikamsokota mkono mpaka mfupa ukalia ka! Nimemfungia chumbani. Nimeuegemea mlango, naandika na damu inachuruzika. Anapiga mateke. Anatukana mama yetu — mama yake pia, mpumbavu!

Hodi. Ni daktari.

Mateke yamekoma. Anajibana asikohoe, namsikia. Kikohozi kimemshinda, kimemtoka.

Daktari nje: "Babu, nani anakohoa hivyo humo ndani?"

Ufunguo ninao mimi. Mdogo wangu ananong'ona chini ya mlango, kaka, kaka, nakuomba usiseme —