Mama Mwape Ameficha Mikono

Mama,

Naandika nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni, mlango nimeuacha wazi kidogo ili nione nani anapita. Siku hizi mtaa wetu mzima wa Panda tunakaa hivyo, shingo zimegeukia barabarani. Watoto wa jirani wakikimbia kidogo tu, nasimama kuchungulia. Ungekuwepo ungenicheka: "Weye, woga yako inatanguliaka mbele yako." Cheka, Mama. Lakini wewe uliondoka mji ukiwa bado mji, na nafasi yako kwenye maombi ukaniachia mimi.

Nikueleze kwanza yaliyotokea. Baada ya kukuzika, vijana wa chama cha siasa walianza kupita nyumba kwa nyumba wakisema watu wa jimbo la Kasai warudi kwao. Tulidhani ni maneno ya redioni, yatapita. Hayakupita. Asubuhi moja waliingia uani, kwenye lupango ya Mama Ngalula. Ndiyo, Ngalula wako, yule aliyekuosha ulipokufa na akakataa mtu mwingine asikusuke nywele. Amezaliwa hapa hapa Panda. Baba yake ndiye aliyeletwa na kampuni kuchimba shaba. Yeye Kasai hajaiona hata kwa picha. Wakamwambia arudi kwao. Arudi wapi, Mama? Vyombo vyake vikatupwa nje, vingine vikabebwa. Na kati ya waliobeba alikuwemo Sylvain, mtoto wa Mama Mwape, yule uliyemwombea siku tatu alipougua surua.

Ilikuwa saa ya Mama Ngalula ya kuomba. Hilo ndilo lililonitesa.

Unakumbuka ulivyouanzisha ule mnyororo wa maombi, mishahara ya kampuni ilipoanza kukatika na sisi wanawake tukaanza kugombana bombani kwa sababu ya njaa tu. Kila mama na saa yake, nyumbani kwake, magotini. Akimaliza anatembea hadi nyumba inayofuata, anamshika mwenzake mikono yote miwili na kumwambia: "Minye nimefika hapa. Weye endelea." Wa mwisho jioni analala nayo, asubuhi anampa wa kwanza. Na sheria yako ilikuwa moja: "Maombi haiwekwake chini. Unapatia mutu mu mikono." Ulikuwa mkali, Mama! Aliyesinzia kwenye saa yake ulimjua kwa alama za mkeka shavuni, na ulimwambia mbele ya wote.

Mimi nilikuwa napokea kutoka kwa Mama Ngalula. Siku ile nilisimama mlangoni nikimngoja, nikasikia makelele ya upande wake, kisha kimya. Hakuja. Toka siku ile mnyororo ukaisha. Hatukukutana tena, hata kuimba tuliacha. Kila mmoja akajifungia chumbani na Mungu wake, kwa sauti ya chini.

Na mimi nikashindwa kabisa kuomba. Nilipiga magoti, nikasema "Baba", na baada ya hapo hapakuwa na kitu. Masikio yangu yalikuwa barabarani. Nikagundua kwamba miaka yote nilikuwa nafuata sauti yako, unasema nami nasema, unalia nami nalia. Nilidhani nina imani, kumbe nilikuwa na mama.

Mume wangu, Baba ya Didier, aliponiona nafunga sufuria ya ugali wa bukari na mboga ya sombe kwenye kitambaa cha kikwembe, alijua ninakoenda: stesheni, walikokimbilia waliofukuzwa. "Bakikuona ku gare, na siye batatufukuza," akasema. Hakunizuia lakini, alikaa tu akajishika kichwa. Nilienda. Kila kijana niliyempita niliona anaitazama sufuria yangu.

Mama, stesheni usingeitambua. Watu wamejaa hadi kwenye reli, wamejenga vibanda vya maplastiki na magunia, wanangoja treni ambayo hakuna anayejua itakuja lini. Watoto wanakohoa. Kuna moshi, kuna harufu, na pembeni kuna makaburi mapya madogo madogo. Nilimtafuta Mama Ngalula mpaka nikakata tamaa, kisha nikamwona amekaa juu ya gunia, amekonda, midomo inacheza. Nikamsalimu. Aliinua kidole kimoja, kama ulivyokuwa unafanya wewe mtu akikukatiza.

Nikangoja. Alipomaliza akanitazama, machozi yakaanza kumtoka.

"Kumbe njo weye! Nilikosa mutu ya kumupatia."

Alikuwa bado anayo zamu yake ya maombi. Walimtoa nyumbani katikati ya saa yake, na kwa kuwa hakupata wa kumkabidhi, hakuiweka chini. Aliibeba hadi pale. Alipozidiwa na usingizi alimshika mikono mama wa kibanda cha pili, asiyemjua, akamfundisha yale maneno. Mama yule naye akamfundisha mwenzake. Walikuwa wanazungushiana kwenye lile tope, na kila asubuhi inarudi kwake. Mimi nilikuja nikidhani nampelekea faraja, na kumbe nilikuwa nimebeba bukari tu.

Akanishika mikono. Yake ilikuwa ya moto, nadhani alikuwa na homa. "Minye nimefika hapa. Weye endelea."

Nikaomba pale pale. Si maombi ya kujivunia. Niliomba treni ije. Niliomba mvua isinyeshe. Niliomba maji safi, nikaomba homa imtoke, nikamwambia Mungu kwamba naogopa, naogopa, naogopa, na wale wamama wa Kasai wakaitikia amina kana kwamba nimesema jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nilisikia kuna anayesikiliza. Na ilikuwa kwa sauti yangu mwenyewe, Mama, hii mbaya ya kukwaruza.

Niliporudi Jumapili na chakula kingine, kibanda chake kilikuwa na watu wengine. Treni ilikuja. Waliwapakia kwenye mabehewa ya madini, wengine juu kabisa. Sijui kama alifika. Namuuliza kila anayetoka upande ule, hakuna anayejua.

Sasa sikia linaloninyima usingizi. Baada yangu anayepokea ni Mama Mwape. Wewe mwenyewe ulipanga hivyo, nyumba kwa nyumba, na Mama Kabedi alipotaka kumruka jirani yake kwa sababu walinuniana, ulimkatalia: "Maombi haichaguake mulango." Nilikaa nayo peke yangu. Niliomba nikipika, niliomba nikichota maji, nilipita mbele ya nyumba ya Mama Mwape nikitazama upande mwingine. Nilijiambia nangoja mambo yatulie. Uongo. Sikutaka tu kumpa.

Leo asubuhi nikachoka kuibeba peke yangu, nikaenda. Alifungua mlango nusu. Nyuma yake, pembeni, niliiona cherehani ya Mama Ngalula imefunikwa kitambaa, pedali yake ile iliyofungwa kwa waya inachungulia chini. Akaona kwamba nimeona. Nikanyoosha mikono hata hivyo. Yeye akaificha yake nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Usinipatie, mama. Mikono yangu iko muchafu."

Na mimi nilifurahi. Nisikudanganye, nilifurahi sana. Nilisema moyoni: kaa hivyo, uoze hivyo. Nilirudi nyumbani natembea kwa maringo, na kabla sijafika mlangoni ile furaha ilianza kuniogopesha. Vijana wa chama wananitisha, ndiyo. Lakini wao wanaweza kunitoa kwenye nyumba tu. Ile furaha niliyoisikia leo, nikiilea, itanitoa kwenye maombi, mahali ambapo Ngalula hakukubali kutolewa hata kule kwenye tope.

Nimejaribu kuomba tangu hapo na neno la "Baba" limeanza kukwama tena. Kwa hiyo najua ninachotakiwa kufanya, na sitaki, na nitafanya.

Lala vizuri, Mama. Ukimwona Ngalula huko uliko... hapana, usimwone. Nataka awe hai.

Nakuahidi hivi. Kesho nitarudi kwa Mama Mwape, na kesho kutwa kama atanifungia. Cherehani tutaizungumzia, na itakuwa mazungumzo makali, wewe unanijua. Lakini kwanza nitamtoa mikono yake huko nyuma ya mgongo, niishike ikiwa hivyo hivyo ilivyo chafu, nimwambie nimefika hapa. Sijamsamehe bado. Pengine saa yake ya maombi nitaiomba mimi, na yeye ndiye ataitikia amina.

Binti yako,
Odette