Bata Mzinga wa Fundi Saa

6 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, ila goti la kushoto bado linagoma kuchuchumaa. Wewe je, yale malengelenge ya pasi yamepona? Habari zake nilizipata kwa baba yako, maana mimi hukuniambia.

Nakuandikia kwa sababu tukipigiana simu mimi na wewe tunabaki kusikilizana pumzi. Kwenye karatasi walau nitamaliza sentensi. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, anasema kesho utakuwa nayo.

Kwanza, lile ulilolisema baada ya mazishi nimelisikia na sina kinyongo. Nyumba ni yako. Baba yako alinieleza hivyo tangu siku aliyonioa, na kuiuza ni haki yako. Nitahamia kwa kaka yangu mwisho wa Aprili kama tulivyokubaliana. Vyombo nimeshaanza kuvifunga.

La pili ndilo limenivuruga. Leo mchana mtu amesimamisha pikapu mlangoni, akateremsha boksi lenye matundu, na ndani ya boksi kunalia. Anasema ni mzigo wa fundi saa, aliuagiza kabla hajalazwa. Nikamwambia fundi saa hatunaye tena. Akavua kofia, akanipa pole, akaniachia boksi, akawasha gari.

Nilidhani ni vifaranga wa kuku. Nikamwita jirani yetu fundi viatu, akachungulia, akasema hawa ni bata mzinga. Mwanangu, baba yako na bata mzinga wapi na wapi? Mtu ambaye akikutana na jogoo njiani anahamia upande wa pili. Kutaja hakuwataja hata siku moja, na kuwala hakuwala. Alikwambia wewe? Au ni wewe uliyemwagiza?

Nimewaweka kwenye chumba chake cha kazi, chini ya ile taa yake ya mezani, kwa sababu fundi viatu anasema baridi inawaua. Chakula nimewawekea. Wanakikanyaga tu na kunitazama. Nimepikia wanafunzi wa bweni mpaka nikastaafu, na sijawahi kuona kiumbe anasimama katikati ya chakula huku analia njaa. Sijui nicheke au nilie. Tafadhali jibu upesi.

Mama yako mdogo


8 Machi

Shikamoo mama mdogo,

Natumaini goti limetulia. Mimi mzima, na mikono imepona.

Sijui lolote kuhusu bata mzinga. Sikumwagiza baba, naye hakuniambia. Alinipigia simu mara nyingi kabla hajalazwa na kuniuliza mambo ya ajabu ajabu, lakini hilo halikuwemo. Naomba umrudishie mwenyewe. Mnunuzi atakuja kuiona nyumba, na nisingependa akute chumba kinanuka.

Barua hii ilikuwa iishie hapo. Ila nilimsimulia mwenzangu wa meza ya pasi, tunamwita Bi Mvuke, tukacheka, halafu yeye akaacha kucheka. Kwao waliwafuga. Anasema kifaranga wa bata mzinga hazaliwi akijua chakula ni nini, wala maji. Asipofundishwa anakufa huku amekikalia. Unatakiwa ugongegonge kidole kwenye chakula kama mdomo wa mama yao, na mmoja akijaribu, wenzake wataiga. Kwenye maji tia kitu kinachong'aa, kikubwa wasichoweza kumeza. Watakidonoa, midomo italowa, na hapo watajua maji. Wao wenyewe wasilowe. Na usiwachanganye na kuku, kuna ugonjwa ambao kuku wanauvumilia na bata mzinga hawauwezi.

Nimekuandikia yote haya kwa sababu Bi Mvuke ameniuliza asubuhi hii kama nimekuandikia, na akasimama pale pale kungoja jibu. Bado naomba uwarudishe.

Binti wa marehemu


14 Machi

Mwanangu,

Salamu sana. Goti halijambo, limekoma lenyewe, maana kutwa nzima nachuchumaa.

Mwambie Bi Mvuke nimemwekea shukrani zangu zote. Niligonga kidole mpaka kikafa ganzi. Yuko mmoja mwenye shingo ndefu, anatembea kifua mbele kama mtu aliyetumwa kutoka makao makuu, nimempa jina Mkaguzi. Huyo ndiye aliyeanza, akadonoa kucha yangu, kisha akadonoa chakula, kisha akanitazama kama anayenidai maelezo. Wengine wakafuata.

Majini nilitia mikanda ya saa ya chuma kutoka droo ya baba yako. Wakanywa bila kujua wanakunywa. Jana akaja mteja, bwana mmoja wa tai na viatu vinavyong'aa, anaulizia saa aliyomwachia marehemu. Tumeitafuta kwenye droo zote, tumehamisha hadi meza. Mwishowe ameiona yeye mwenyewe, iko ndani ya bakuli la maji na Mkaguzi anaifanyia kazi. Nilitamani ardhi inimeze. Niliona mkanda unang'aa, sikuangalia kama una saa. Bwana yule ameitoa, ameipangusa kwa tai, ameiweka sikioni, akasema inatembea. Sasa sielewi kama baba yako aliitengeneza au ni maji.

Wawili wamekufa. Waliingia kwenye bakuli wakalowa. Nimewafuta, nimewapuliza, nimewakumbatia ndani ya sweta, haikusaidia kitu. Mwanangu, msibani nilijikaza. Najua watu walisema mke wa pili hana uchungu, na najua yalikufikia. Nimekuja kulia kwa ajili ya vifaranga wawili, jikoni, hadi fundi viatu akabisha hodi akidhani nimeungua. Nilikuwa nawalilia wao au namlilia baba yako, hata mimi sijui. Nimechanganyikiwa kweli.

Mwenye pikapu alipita, anakataa kuwachukua. Nikambana anieleze. Anasema baba yako alikwenda kwake kwa miguu yake, akaonyeshwa kuku, akaonyeshwa bata wa kawaida, wote akawakataa. Akauliza ni ndege gani asiyejiweza kabisa, yule ambaye hawezi kuachwa peke yake. Akaambiwa bata mzinga wakiwa wachanga, hao wanataka mtu kutwa. Akasema basi ndio hao hao anaowataka.

Mgonjwa gani anajitafutia usumbufu? Alikuwa ananikomoa? Hatukugombana. Alitegemea atapona awalee mwenyewe? Nageuza hivi, nageuza vile, sipati jibu. Wewe ni damu yake. Kama unaelewa, nieleweshe.

Mama yako mdogo


9 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Mimi naendelea. Barua yangu ya mwezi uliopita dereva anaapa alikukabidhi mkononi, na kila basi linaloingia nakwenda kuuliza, ananitikisia kichwa. Sasa naogopa kuuliza nimekukosea nini. Kama ni ile saa ya mteja, nisamehe.

Mnunuzi alikuja na mkewe na futi ya kupimia. Bata mzinga wamekua, miguu mirefu, manyoya nusu ya kitoto nusu ya kikubwa, sura hazijaamua ziwe za nani. Mlango wa chumba cha kazi ulipofunguliwa wakatoka kwa foleni wakamfuata yule mama chumba hadi chumba, hadi chooni. Alipoketi, nao wakaketi. Wameondoka wakisema watafikiri. Usije ukadhani niliwachochea, wanamfuata kila mtu.

Nguo nimezifunga. Kaka yangu anasema nafasi ya mtu ipo, ya ndege hakuna. Fundi viatu yuko tayari kuwachukua, ila ana kuku, na Bi Mvuke alikataza. Basi niambie niwapeleke wapi, hilo tu. Mimi kuondoka nitaondoka, neno langu liko pale pale. Tatizo ni kwamba asubuhi nikifungua mlango wanapiga kelele wote kwa pamoja, nacheka, halafu ndipo nakumbuka kwamba nahama.

Mama yako mdogo


15 Aprili

Shikamoo mama mdogo,

Hujanikosea. Mimi mzima wa mwili. Barua hii nimeiandika na kuichana, nimeiandika na kuichana, hadi Bi Mvuke ameniuliza kama natafuta kazi kwingine.

Bata mzinga wametoka kwangu. Nilikwambia sijui lolote, na wakati ule kweli sikujua. Nilikuja kujua niliposoma maneno ya mwenye pikapu.

Siku moja kabla hajalazwa, baba alinipigia nikiwa kazini, mashine zinanguruma, mashuka ya hoteli yamenizidi. Akasema tangu ustaafu huna raha. Unapika sufuria kubwa la watu wasiokuwepo, halafu unakaa unalitazama. Akaniuliza akufanyie nini. Nilikuwa na hasira, mama mdogo. Kila akipiga simu ilikuwa habari zako, mimi nikawa mtu wa kuulizwa mkewe anataka nini. Nikamjibu, "Mtafutie wa kulisha, basi. Wale wasiojiweza." Nilisema kwa kejeli, nimalize simu. Yeye akasema, "Hilo ni wazo zuri, mwanangu." Na akanishukuru.

Kumbe alitoka pale akaenda kutafuta.

Sasa sijui nishike lipi. Nilikuwa nakutoa kwenye nyumba, na kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyekujazia nyumba. Hao ndege ni upendo wake au ni ubaya wangu, nashindwa kutenganisha. Na huwa najiuliza kwa nini aliamini kila nilichosema, hata nilichosema vibaya.

Mnunuzi nimemwambia siuzi. Baki hapo. Nikikwambia ni kwa ajili ya bata mzinga nitakuwa nakudanganya, na nikijaribu kusema ni kwa ajili ya nini, silipati neno. Nisamehe.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikamsomea fundi viatu, naye akaniomba nirudie katikati. Goti usiniulize.

Nimekasirika, lakini si wewe uliyenikasirisha. Nimemkasirikia baba yako, na kumkasirikia mtu aliyekwisha kuzikwa ni kazi ngumu, hakuna wa kukujibu. Nilikuwa jikoni, yeye yuko chumba cha pili. Anashindwa kuja kuniuliza nina nini, anapiga simu mji mwingine kumwuliza mtoto. Kejeli yako mimi hainiumi. Umesema vibaya, likatoka jambo jema, na ndege nimewapenda, sifichi. Kinachoniuma ni kwamba mlikaa wawili mkanijadili, na wote wawili mkakosea.

Sikuwa napikia watu wasiokuwepo. Kila wiki baba yako alikuwa akiniambia, "Binti anaweza kupita Jumamosi hii." Alikuwa anajidanganya, sasa najua, lakini wakati ule nilimwamini. Napika. Hupiti. Jumamosi nyingine napika tena. Ulihama kabla sijaolewa, hujawahi kukaa meza moja nami, na msibani ulikuja ukaondoka bila kutia kitu mdomoni. Sufuria lilikuwa kubwa kwa sababu sijawahi kukuona ukila. Sikujua unakula kiasi gani.

Baba yako angeniuliza, ningemjibu kwa neno moja, "Binti," na ndege hao wangebaki kwa mwenyewe.

Mambo ya nyumba tutayazungumza tumekaa. Mizigo nimeifungua, nguo nimezirudisha kabatini. Njoo Jumamosi. Bata mzinga watakufuata kila uendako, usiwakimbie, ukikimbia wanadhani ni mchezo.

Barua hii usiijibu. Dereva akinishushia bahasha nitajua huji.

Mama yako mdogo