Jiwe ya kuanikia majani

Mama wangu mu Butembo,

Joto ya Mombasa inanipika kama majani ya sombe mu chungu, lakini bitenge ya kuuzisha nimepata. Jana maji ilishuka, muvuvi mumoja akanionyesha matumbawe, mawe ya bahari yenye uhai. Sifongo na chaza za mbali, zenye zilikuya zimeshikamana chini ya meli, zinakaa pale moja juu ya ingine, zimefunika matumbawe, mwenyeji wa pale. Nikang'oa sifongo, nikatupa mu maji.

"Usitupe, mama. Kila kipande kitaota upya," muvuvi akaniambia.

Haya ilinishika, mimi mwenye ulifundisha kuanika majani mabaya juu ya jiwe mpaka ikauke.

Basoda bangali na bunduki mu shamba yetu ya Kirumba. Bataondoka, tutapalia. Uninolee jembe. Jiwe yetu ya kuanikia, hakuna jeshi yenye itaibeba.

Mutoto wako Kavira