Kulwa Urambo, Doto Tabora

Tabora, 6 Septemba 1954

Kwa wifi Pelagia,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu umenizidi umri, si kwa sababu nyingine. Kaka yako Selemani hajambo, mimi sijambo, Doto bado ana homa. Kulwa sijui kama hajambo, maana unaye wewe.

Wifi, umenifanyia nini? Ulikuja kwangu mgeni, nikakuchinjia kuku. Alfajiri ukapanda treni ya Kigoma na mtoto wa watu mkononi, hata kuaga hukuaga! Doto alipoamka alimwita pacha wake mpaka sauti ikamkauka. Nikamwambia kaenda dukani. Mtoto wa miaka saba humdanganyi hivyo.

Nikukumbushe, maana unajifanya umesahau. Mama yao alikufa, baba yao Masolwa akaandikishwa manamba, akaenda Tanga kukata mkonge, na mjomba wao akawafukuza. Walikuwa wanalala stesheni juu ya magunia pamoja na watoto wenzao. Sisi wanawake wa mtaa huu tunawapikia watoto wale uji kila asubuhi kwa ajili ya Mungu, hakuna anayetulipa. Hawa wawili niliwaingiza ndani kwangu kwa sababu ni wadogo mno. Mimi Mmanyema, lakini kwa kuolewa tu na Mnyamwezi nimejua kwamba mapacha hawatenganishwi, na anachopewa mmoja lazima apewe na mwenziwe. Wewe Mnyamwezi wa kuzaliwa, hilo lilikupita wapi?

Mrudishe Kulwa kwa treni ya kwanza.

Mke wa kaka yako,
Mwanamkuu

Urambo, 15 Septemba 1954

Kwa Mwanamkuu,

Marahaba. Huku tu wazima, mume wangu Damas ameshasia mbegu za tumbaku. Kulwa naye mzima.

Mimi si mwizi. Nilimwambia Bernardo kwamba ninaondoka na mtoto, akanyamaza, na anayenyamaza amekubali. Ndiyo, Bernardo! Hilo jina la Selemani mlimpa nyinyi mlipomsilimisha ili akuoe. Mama yetu alikufa akimwita Bernardo wake, na Bernardo yuko Tabora anavaa kanzu. Umemchukua ndugu yangu mzima mzima, halafu nikuachie na mapacha?

Kina mama wa parokia yetu tumeahidi mbele ya altare kwamba kila nyumba itapokea mtoto asiye na kwao. Padri amekubali Kulwa aanze shule. Doto nilimwacha kwa sababu ya homa. Nitamfuata.

Kulwa nimemshonea shati la kaki. Desturi naijua kabla hujaijua wewe, kwa hiyo la Doto hili hapa, limepimwa kwa mwili wa nduguye. Usidhani ni zawadi yako.

Na jambo jingine. Huyu mtoto anakula nusu ya ugali, nusu anaisogeza pembeni anaifunika. Ulikuwa unawanyima chakula?

Dada wa Bernardo,
Pelagia

Tabora, 4 Oktoba 1954

Kwa wifi Pelagia,

Salamu. Sisi wazima, alhamdulillahi, na homa ya Doto imekwisha. Shati limefika. Limempwaya, wifi! Limepimwa kwa mwili wa Kulwa na Doto anaogelea ndani yake. Siku ulipokuja hukuweza kuwatofautisha, ulisema mwenyewe.

Ati niliwanyima chakula! Doto naye anaacha nusu sahanini. Nilipomuuliza alisema, "Hiyo ya Kulwa." Basi. Wewe uliyesomeshwa na masista umeshindwa kumuuliza mtoto swali moja?

Ninakuletea kofia ya Kulwa, maana Doto nimemnunulia. Mwezi ujao ngariba anakuja mtaani kwetu, na Doto atatahiriwa pamoja na watoto wa majirani. Anachopewa mmoja apewe na mwenziwe, si ndivyo? Mlete Kulwa na yeye atahiriwe.

Mke wa kaka yako,
Mwanamkuu

Urambo, 20 Oktoba 1954

Kwa Mwanamkuu,

Sisi hatujambo, na sitauliza ya kwenu.

Thubutu! Mtu ashike kisu juu ya mtoto wangu, nitakuja Tabora kwa miguu. Krismasi Kulwa atabatizwa na ataitwa Justus. Nawe unasema anachopewa mmoja apewe na mwenziwe. Haya, mlete Doto abatizwe! Umekwama, eh?

Kofia nilitaka kuitia motoni. Kulwa kalala nayo kifuani, nikashindwa.

Hali yake si nzuri. Nilimchapa ili amalize ugali wake, akaumaliza, akatapika wote. Amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Shuleni hasemi na mtu. Damas ananiambia nimrudishe, nikamwambia akalime shamba lake. Naogopa, Mwanamkuu. Sikutaka wewe ndiwe ulijue hilo, lakini nani mwingine anamjua mtoto huyu? Mlete Doto huku, hata kwa mwezi mmoja, Kulwa ale. Mimi kumrudisha siwezi. Nikimrudisha, kina mama wenzangu watasema nimemtoa Kanisani nikampeleka msikitini kwa mkono wangu.

Pelagia

Tabora, 9 Novemba 1954

Pelagia,

Leo sina salamu. Doto hayumo ndani tangu jana mchana. Jirani Sikuzani alimwona anapanda behewa la mizigo linalokwenda upande wenu. Umemtuma nani aje kumwita? Mmoja hakukutosha? Ukiwa naye niandikie leo leo, nijue tu kwamba yu hai, kisha nitakutukana baadaye.

Mwanamkuu

Urambo, 9 Novemba 1954

Mwanamkuu,

Kulwa ametoroka. Jana alikwenda shule asifike, na mafundi wa reli wamemwona akitembea juu ya mataruma kuelekea Tabora. Porini kule kuna fisi, na mtoto hana nguvu hata ya kubeba kibuyu. Ni wewe uliyempelekea maneno, najua. Akifika kwako mpe maji ya uvuguvugu kwanza, asile haraka. Nakusihi.

Pelagia

Urambo, 21 Novemba 1954

Kwa wifi Mwanamkuu,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, natumaini na nyinyi ni wazima.

Barua zetu zilipishana njiani kama watoto wenyewe walivyokaribia kupishana. Nimetoka Usoke, stesheni iliyo kati yetu, baada ya mafundi wa reli kuniambia watoto wote wawili wako huko. Najua umekwisha kufika huko kabla yangu, mama aliyewapokea kaniambia. Doto alishushwa Usoke na gadi wa treni kwa kukosa tiketi, na siku ya pili Kulwa akatokea relini na miguu imepasuka. Yule mama Eustadia, Mmoravian, anayeuza karanga pale stesheni, akawachukua wote wawili nyumbani kwake. Hajui baba wala mjomba, hakuwauliza dini. Amewapa sahani moja na mkeka mmoja, basi. Wananenepa, Mwanamkuu. Na wiki mbili hazijatimia!

Nilijitayarisha kugombana naye. Akaniambia, "Kama watoto wanakutaka, wachukue wote wawili, mimi nitakusindikiza." Nikamwita Kulwa. Alikuja, akasema, "Shikamoo mama," kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mpita njia. Nikamwonyesha viatu nilivyowaletea, jozi mbili. Akageuka akamuuliza Eustadia, "Bibi, huyu ataondoka saa ngapi?"

Nililia ndani ya behewa mbele za watu. Nilimchapa mtoto yule kwa sababu ya chakula alichomwekea nduguye. Mungu anisamehe, maana Kulwa bado.

Wewe Doto alikuambia nini?

Pelagia

Tabora, 30 Novemba 1954

Kwa wifi Pelagia,

Shikamoo. Kaka yako mzima, anakusalimu. Mimi mzima wa mwili.

Doto hakunisalimu kabisa. Alijificha nyuma ya Kulwa, akamshika mkono kwa nguvu, akasema, "Na yule mwingine mwambie asije." Yule mwingine ni wewe. Nilitumwa ujumbe huo kwako, sikuufikisha. Nilisema moyoni, acha na yeye aende akaonje. Basi umeonja, na mimi sikupata raha niliyoitegemea.

Selemani amempelekea habari Masolwa huko Tanga kupitia vijana wanaokwenda mkonge. Akirudi ashukie Usoke awachukue wanawe, wala asipitie kwangu wala kwako. Sisi hatuna la kumweleza.

Sasa sikiliza. Mvua imeanza, na watoto waliobaki stesheni wanalala wima wakiegemea ukuta kwa sababu chini kumejaa maji. Sisi wanawake wa mtaa hatutoshi. Nusu wamechoka, na mimi tangu Usoke nikishika mwiko mkono unakuwa mzito. Njoo na mahindi, njoo na kina mama wako wa altare. Watoto watapikiwa pale pale walipo, kila mmoja na ndugu yake na rafiki yake. Hutambatiza mtu, nami sitamwita ngariba. Tukianza kugombana, tutoke nje ya stesheni.

Sijakusamehe, usije ukadhani. Treni ya Jumamosi inajaa sana, wahi kukata tiketi.

Wifi yako,
Mwanamkuu