Kuku wa Mwisho wa Mama

Lwakhakha, Bungoma
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Khisa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mama naye anakusalimu, na salamu yake hiyo ina hadithi, ngoja nifike. U mzima huko Doha? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi ni mzima, ila nimechoka mpaka kwenye nywele. Barua hii nampa Emmy, anayerudi huko kazini Jumatano, kwa sababu nikiandika kwenye simu nitafupisha, nami sitaki kufupisha hasira yangu.

Tangu Mama apate kiharusi mwezi wa tatu, unajua nilifunga kibanda changu cha mitumba Kitale nikaja kumtunza. Mkono ulilala, ulimi ukanyamaza. Kumwosha, kumlisha, kumgeuza, hayo siyalalamikii. Nawalalamikia waombezi.

Wanakuja, Khisa! Jumanne akina mama, Alhamisi kwaya, Jumamosi wazee wa kanisa. Wanaomba saa nzima wamefumba macho, kisha wanayafumbua yakitazama jikoni. Nawe unajua kwetu mgeni wa heshima hapewi chai tupu. Shangazi Joan, ambaye hajafua hata shuka moja, husimama mlangoni kuhakikisha kila kundi limechinjiwa kuku, ati tusiaibishe jina la marehemu Baba. Kuku kumi na wanne wakaisha hivyo. Firigisi zote amekula Mzee Eliakim.

Nikwambie ukweli, niliacha kuomba. Wenzangu wakisema amina, mimi nilikuwa nawaza unga. Niliona kama Mungu amehamia kwa majirani.

Jumamosi iliyopita alibaki kuku mmoja tu, yule mweusi ampendaye Mama, akiatamia mayai kwenye kikapu chini ya kitanda chake. Nikakataa katakata asichinjwe.

"Ati wageni watoke hapa na njaa?" Shangazi akafoka. "Si utatuaibisha, bana!"

Akainama mwenyewe, akamvuta kuku kwa miguu, mayai yakabingirika, Mzee Eliakim akiwa katikati ya maombi ya uponyaji.

"Joan! Wachana na kuku yangu!"

Ilikuwa sauti ya Mama. Nzito, imepinda kidogo, lakini yake. Shangazi akaachilia, kuku akarukia kichwani kwa Mzee Eliakim, na amina ikasahaulika. Mimi nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, kisha nikalia, nikajikuta nasema asante Yesu bila kuongozwa na mtu. Furaha kama ile sijaionja mwaka huu.

Sasa Mzee Eliakim anatangaza kwamba ni maombi yake. Namwacha. Shangazi naye anataka tuwaalike wote kwa ibada ya shukrani. Nimemwambia watakunywa uji.

Maneno ya Mama bado ni machache. Ananiita, anamgombeza Shangazi, anauliza kama kuku amekula. Na jana aliuliza, "Khisa?" Mdogo wangu, mwezi uliopita uliniambia nisimwekee tena simu sikioni, kwamba huwezi kuongea na mtu asiyejibu. Kuku wote wale hawakuniuma kama neno lile.

Nisalimie Wekoye mnayekaa naye, na Derrick akija kuwatembelea. Bwana awalinde kazini na awarudishe nyumbani mkiwa na miguu yenu miwili.

Ukishaisoma barua hii upige simu, ila usiniulize Mama anaendeleaje. Sema tu, "Mama, ni mimi," kisha ungoje. Anachelewa kidogo, lakini anaitika.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Phelista Nekoye